Daramumba na Yule wa Mtama

Mwaka jana mwezi wa saba Baba Mkubwa alinipigia simu nikiwa maktaba. Nilitoka nje kupokea. Hakuuliza habari za masomo. Alisema, "Wewe ndiye msomi wetu. Njoo utuandikie ukoo."

Alitaka karatasi moja, iliyochapwa vizuri, ianze na mzee wa kwanza aliyefyeka pori letu pale Lamadi na iishie kwetu sisi wajukuu wa wajukuu. Kikao cha ukoo kilikuwa kinakuja. Kuna ardhi yetu kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na njiapanda ya kwenda Bariadi. Nilipokuwa mdogo ilikuwa shamba la pamba ambalo hakuna aliyeligombania. Leo kila anayepita anauliza kama inauzwa, maana mji umeisogelea kwa fremu za maduka, vituo vya bodaboda na magunia ya dagaa. Kwenye kona moja ya ardhi hiyo kuna nyumba yenye ua wa minyaa, na ndani yake wanaishi watu ambao maisha yangu yote nimewaita ndugu. Baba Mkubwa alitaka karatasi ionyeshe kwamba si ndugu.

Wakati ule nilikuwa nasoma, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, kitabu cha mtu mwingine aliyekwenda bara, akakaa, akamiliki, kisha akaeleza ukoo wake. Kitabu ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, na mwenyewe tunamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Nilikitia kwenye begi, nikapanda basi kwenda nyumbani. Ninachoandika hapa ni uhakiki wa kitabu hicho, ila siwezi kukitenganisha na ile karatasi, kwa sababu nilivisoma vyote viwili ndani ya wiki moja.

Kwa asiyekijua: Tippu Tip alizaliwa Unguja karibu mwaka 1840 na kufa hapo hapo mwaka 1905. Katikati ya miaka hiyo alifika Tabora, akapigana na Nsama wa Itabwa, akavuka kwenda Manyema, akajenga milki ya pembe na watumwa mashariki ya Kongo. Livingstone, Cameron na Stanley wote walikutana naye, na wote wakamwandika. Mwaka 1887 alipewa cheo cha uliwali wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Uzeeni, akiwa amerudi Unguja, aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kuwa za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitafsiri kwa Kiingereza. Ni moja ya tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na kila anayesoma historia ya nathari ya Kiswahili lazima apite mlangoni pake.

Niseme kwanza sifa zake, maana zipo. Hakuna mapambo. Tippu Tip anaandika kama mfanyabiashara anayefunga hesabu: nani alimkopesha, kiasi gani, nani alikwenda naye, pembe frasila ngapi, siku ngapi njiani. Ukimsoma baada ya Wazungu waliomwelezea, kwa kurasa nyingi za misitu na giza, unapumua. Kwake bara si giza. Ni mahali penye watu, majina, bei na madeni. Mhindi Taria Topan aliyemkopesha mali Unguja anaingia na kutoka katika masimulizi kama mtu wa kawaida, na watemi nao vilevile. Kwa msomaji wa Tanzania hilo ni jambo kubwa: mtu wa karne ya kumi na tisa anasema habari za nchi yetu kwa lugha yetu, bila kumwelezea mgeni.

Lakini hesabu zake zina kawaida moja. Zinarekodi kile kilichokuwa na faida. Na ukoo wake ameuandika kwa kanuni ileile.

Tufuate nasaba yake. Upande wa baba, babu zake walitoka Maskati na kuingia katika Mrima. Mmoja wao alioa katika familia iliyokuwa Mbwamaji, kusini ya ilipo Dar es Salaam ya leo, familia yenye baba Mwarabu na mama mwenyeji. Hivyo ndivyo damu ya bara ilivyoingia katika ukoo wa el Murjebi: kwa mwanamke wa Mbwamaji. Kizazi kilichofuata kikasogea ndani zaidi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Jina la Fundikira Watanzania wengi wanalifahamu kwa sababu ya Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya Nyerere. Ndoa ile ilimpa Muhammed bin Juma nguvu ambayo bunduki peke yake zisingempa. Akawa mkwe wa ikulu. Fundikira alipokufa na watu wakagombea utemi, mfanyabiashara wa pwani alikuwa na kauli katika ugomvi wa Wanyamwezi kana kwamba amezaliwa pale.

Karunde mwenyewe tunaambiwa nini? Kwamba aliolewa, na kwamba ni binti wa nani. Baada ya hapo nguvu iliyopitia kwake inaendelea na safari bila yeye.

Kisha tunafika Utetera, magharibi ya Mto Lualaba, na hapa ndipo kitabu kizima kinaponikaba. Tippu Tip anaeleza kwamba zamani watu wa Urua waliwashambulia Watetera na kuwateka mabinti wa nyumba ya kitemi. Mmoja aliitwa Daramumba. Mtemi wa Utetera wakati huo, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na habari ya ndugu zake waliotekwa ilikuwa bado inajulikana. Katika masimulizi habari hiyo inatangulia. Linalofuata ni dai: kwamba babu mzaa mama wa Tippu Tip aliwahi kufika Urua, akamnunua mwanamke, na mwanamke huyo ndiye Daramumba. Kwa hiyo mgeni huyu mwenye bunduki na msafara mrefu si mgeni. Ni mjukuu aliyerudi nyumbani.

Kasongo Rushie alikubali. Alimpokea kama damu yake na kumwachia utawala. Pembe zilizokuwa zikienda kwa mzee zikaanza kwenda kwa mjukuu.

Wanahistoria wengi wanaona kwamba ukoo ule ulitungwa. Mimi nilipofika hapo mara ya kwanza nilicheka, kama anavyocheka mtu aliyesikia hadithi ya Sungura. Inasimuliwa vizuri, na msimulizi anajua kwamba ameshinda. Nilipoirudia nikiwa kwenye basi, tumeipita Magu, sikucheka. Nilijiona na begi langu. Mimi pia nilikuwa nakwenda kutengeneza ukoo kwa ajili ya ardhi.

Walowezi wa Marekani wa miaka hiyohiyo walikuwa na njia nyingine. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kuomba ekari 160, kuishi hapo miaka mitano, kulima, kisha kupewa hati. Ndiyo maana leo mjukuu wa mlowezi wa Nebraska anayetafuta asili yake anaanzia kwenye makabrasha: maombi ya ardhi, sensa, vitabu vya kanisa. Karatasi zile zinamwambia mengi kuhusu babu yake, na hazimwambii karibu chochote kuhusu watu waliokuwa wakiishi kwenye ekari hizo kabla. Huku kwetu hati ilikuwa mdomoni. Aliyetaka nchi alipaswa kueleza yeye ni mtoto wa nani. Kwa hiyo, kwa mlowezi wa huku, ukoo haukuwa kumbukumbu ya mambo yaliyopita. Ulikuwa ombi la ardhi, na unapaswa kusomwa kama maombi yote yanavyosomwa: anayeomba ni nani, anaomba nini, na amemwacha nani nje.

Nikiisoma hivyo, kasoro kubwa ya *Maisha* sioni kuwa ni uongo. Uongo wa Utetera unaonekana, na msimulizi hajitahidi sana kuuficha. Kasoro ni kwamba ameandika jina la Daramumba na hana hamu naye hata kidogo. Mwanamke katekwa, katolewa kwao, kauzwa. Kama alikuwa nyanya yake kweli, basi alimlea mama yake, na ilimpasa mjukuu awe na neno moja juu yake: alikuwa na sauti gani, alipika nini, alisali vipi, aliwahi kulia kwa ajili ya kwao. Na kama hakuwa nyanya yake, basi kuna binti halisi wa Utetera aliyepotea Urua, na mtu amelichukua jina lake kama mtu anavyochukua ufunguo, akafungulia mlango, akauacha kwenye kitasa. Vyovyote vile, msimulizi aliyejaza kitabu kwa watumwa hana sentensi moja ya kushangaa kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, yeye ni mjukuu wa mtumwa.

Mtu atasema ninamdai mtu wa wakati ule mambo ya wakati huu. Nimelifikiria hilo. Jibu langu liko ng'ambo ya maji. Ukisimama ufukweni Lamadi ukatazama magharibi, unaitazama Ghuba ya Speke, na mbele yake kuna Ukerewe. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika riwaya kwa Kikerewe, akaja kuigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Ilichapishwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Nayo ni hadithi ya ukoo, ya ulimwengu uleule kabla ya wakoloni. Inaanza na mke asiyepata mtoto, ambaye wazazi wake wanamchukua, na mume anayehangaika kutengeneza pombe ya ndizi ili wakwe wamrudishe. Kitereza hana haraka. Bugonoka anazungumza, anakasirika, anatania, anaumwa, anaogopa. Ukoo unapoendelea kupitia kwake, tunajua umepitia kwa nani. Kwa hiyo macho ya namna hiyo hayakuletwa juzi na vyuo vikuu. Yalikuwepo ziwani. Tofauti ni kwamba Kitereza hakuwa akiomba ardhi.

Nilifika Lamadi jioni. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kunipangia kazi: majina ya wanaume yapo, nitaongeza miaka, nitachapa. Kuhusu nyumba ya uani kwa minyaa alikuwa na hoja ya kisheria, na kwa mila zetu za Kisukuma ni hoja nzito. Mama yao mkuu, alisema, hakutolewa mahari. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetoka zizini kwa ajili yake. Na mwanamke asiyetolewa ng'ombe, watoto wake si wa ukoo wa mume. Wanahesabiwa kwa kina mama yao.

"Na kina mama yao ni akina nani?" nikamuuliza.

"Hilo si letu," akasema.

Asubuhi nilikwenda kwa Bibi, mama yake Baba Mkubwa na baba yangu. Anaishi na shangazi yangu upande wa ziwani. Nilimkuta ameketi kivulini anachagua michembe, anatupa iliyotoboka. Nikamsalimia Ng'wangaluka, akaitikia bila kuinua macho, akanisogezea ungo tuchague wote. Nilimwuliza kuhusu mzee wa kwanza. Yeye aliolewa katika ukoo huu, hakuzaliwa ndani yake, na anachokijua alikipata kwa mama mkwe wake, jikoni.

Alisema mzee alikuja na mke mmoja na majembe. Huku kulikuwa pori na mbung'o. Ng'ombe hakuwa nao, kwa sababu ulikuwa ule wakati wa sotoka. Vitabu vinasema sotoka ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kumaliza mifugo. Bibi hasemi mwaka. Anasema "wakati tai walipochoka kula." Baada ya ng'ombe kufa ikaja njaa, na katika njaa hiyo walipita watu wakiwa na msichana. Wao walikuwa na njaa kuliko hapa, na hapa kulikuwa na mtama kidogo ghalani. Waliondoka na mtama. Msichana akabaki.

"Walikuwa ndugu zake?"

"Nani atajua? Labda ndugu. Labda walimwokota njiani."

"Aliitwa nani?"

Bibi alifikiri kwa muda. Alitaja jina la mke wa kwanza, jina la baba yake huyo mke, na kijiji alichotoka. Kisha akasema, "Huyu mwingine waliniambia tu yule wa mtama."

Nikamweleza hoja ya Baba Mkubwa kuhusu ng'ombe. Hapo ndipo aliinua macho.

"Ng'ombe gani?" akasema. "Wa mwaka ule wa sotoka? Hata yule mkubwa alitolewa majembe, maana ng'ombe hawakuwepo nchi nzima. Mwambie mwanangu anionyeshe hao ng'ombe wa bibi yake."

Nimeligeuza neno hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Wanawake wawili, hakuna aliyetolewa ng'ombe. Mmoja alitolewa majembe, mwingine alitolewa mtama. Mmoja alikuwa na baba wa kuyapokea majembe, na kwa hiyo ana jina, na jina la baba, na kijiji, na wajukuu wake wanagawana viwanja. Mwingine waliopokea mtama waliondoka zao, na hakuna aliyerudi kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya nyumba yetu na ile ya minyaa.

Ndipo pia nilipomwelewa Daramumba vizuri zaidi. Nilikuwa nimeona huruma kwamba jina lake limebaki peke yake bila mtu ndani. Lakini angalau jina limebaki, na limebaki kwa sababu lilikuwa na thamani: lilimpa mtu nchi. Yule wa mtama wetu hakuwahi kuwa na thamani ya namna hiyo kwa yeyote. Hakuwa binti wa mtemi wala hakuna Kasongo Rushie aliyekuwa akimsubiri. Angetoka nyumba ya kitemi, nina hakika sasa hivi Baba Mkubwa angekuwa akinitaka nimwandike juu kabisa ya karatasi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tusimsome Tippu Tip kwa sababu ya watumwa aliowauza. Tumsome, tena tumsome kwa Kiswahili chake, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu wa pwani ametuonyesha waziwazi jinsi ukoo unavyotengenezwa na kwa ajili gani. Ila tumsome kama Bibi anavyochagua michembe. Kila jina la mwanamke linapopita, tulishike kwanza, tuligeuze, tuone limetobolewa wapi.

Karatasi niliichapa stendi, kwenye duka la vifaa vya ofisi lililo karibu na wauza mahindi ya kuchoma. Nilimweka mzee wa kwanza juu. Chini yake niliweka mistari miwili. Wa kwanza una jina, jina la baba na kijiji. Wa pili nilichora mstari mtupu, na mbele yake nikaandika: alikuja wakati wa njaa ya sotoka, kwa mtama, jina halikuhifadhiwa. Kutoka kwenye mstari huo nikawashusha watoto wake, na wajukuu wake, hadi kwa binti wa nyumba ya minyaa ambaye nilisoma naye shule ya msingi. Wakati ule Lamadi ilikuwa bado wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu tukajikuta Busega bila kuhama hata hatua moja.

Baba Mkubwa aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma yote, hilo nampa. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Mwanangu, hii haitatusaidia."

Kikao kiliahirishwa kwa sababu ya msimu wa pamba, na hadi naandika hapa hakijaitishwa tena. Siku niliyoondoka, yule binti niliyesoma naye alinikuta stendi nasubiri basi. Alikuwa amesikia. Hakusema mengi. Aliuliza kama ninayo nakala nyingine. Nilikuwa nayo moja, ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa Utetera. Tukarudi dukani tukaitoa fotokopi, shilingi mia. Akaitazama kwa muda ule mstari mtupu, akaniomba kalamu. Hakuandika kitu. Akanirudishia.